Shangazi, Nyusi Zako Zimeishia Wapi?

Binti wa kaka yangu alikuwa amenikalisha mbele ya dirisha, penseli ya nyusi mkononi, akinitengeneza uso kwa ajili ya harusi ya jamaa yetu. Alimaliza macho, akahamia kwenye nyusi, kisha akasita. Alinishika kidevu akanigeuza kuelekea kwenye mwanga, akapitisha kidole taratibu juu ya mfupa wa jicho, kutoka upande wa pua kwenda upande wa sikio.

"Shangazi, nyusi zako zimeishia wapi?"

Nilicheka, nikamwambia huo ni umri. Nilipojitazama kwenye kioo ndipo nilipoona alichokuwa anakiona: theluthi ya nje ya nyusi zote mbili haikuwepo, na mahali pake palibaki ngozi kavu yenye magamba madogo kama unga uliomwagika. Alijaza pengo kwa penseli, tukaenda harusini. Ukumbini watu walikuwa wakijipepea kwa kadi za mwaliko. Mimi nilikuwa nimevaa sweta juu ya gauni, na mikono nimeificha kwapani.

Kilichonisumbua kwa wiki kadhaa baadaye hakikuwa nyusi. Ilikuwa ile sweta.

## Adui wa joto aliyevaa sweta

Huu ni mwaka wa saba naishi na maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia gamba la neva za ubongo na uti wa mgongo, na wanaonifahamu wanajua kwamba mimi na joto hatuivi chungu kimoja. Nikikaa chini ya maji ya moto kwa dakika kumi, jicho la kushoto linaingia ukungu; nikitembea juani, mguu wa kushoto unaanza kukwaruza ardhi kwa ncha ya kiatu. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza jambo la aina hii mwaka 1890 kwa wagonjwa ambao uoni wao ulififia baada ya kutumia nguvu, na kabla MRI, ile mashine ya kupiga picha za ubongo, haijaingia hospitalini walikuwepo madaktari waliowaketisha watu kwenye maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza. Neva iliyovuliwa gamba lake la mayelini hupitisha taarifa kwa kubahatisha, na kupanda kwa joto la mwili kwa nusu ya nyuzi tu kunaweza kuikatisha.

Sasa mtu wa namna hiyo anafanya nini na sweta ukumbini?

Swali ni jepesi, na ninaona haya kukiri kwamba sikuwa nimejiuliza kwa karibu mwaka mzima. Nilikuwa na jibu mfukoni kabla ya swali lenyewe. Uchovu ni MS. Choo kigumu ni MS, kwa sababu neva za utumbo nazo huguswa. Kusahau jina la mtu niliyeketi naye jana ni MS. Sauti kukwaruza asubuhi ni mafua, na kama mafua hayaishi, basi ni MS. Daktari mmoja niliyemweleza uchovu huo aliandika maneno manne kwenye faili bila kuinua uso, "uchovu unaotokana na MS," na sikuona kosa lolote, kwa kuwa hata mimi ningeandika hivyohivyo. Ugonjwa mkubwa ukishapata jina ndani ya nyumba, madogo yote hupewa ukoo wake.

## Hodi kumi na tisa

Daktari wangu wa mishipa ya fahamu alinisikiliza habari ya sweta kwa makini kuliko nilivyotarajia. Habari ya nyusi niliiongeza nikiwa nimeshika kitasa cha mlango, kama mtu anayetaja jambo la kipuuzi. Aliniita nirudi nikae. Akaniandikia kipimo cha tezi ya thairoidi, ile yenye umbo la kipepeo iliyo mbele ya koo.

Majibu yalisema TSH 19.

Maabara nyingi huhesabu takriban 0.4 hadi 4 kuwa kawaida. TSH haitoki kwenye thairoidi yenyewe. Hutoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kubisha hodi ili thairoidi itoe homoni. Mwenyeji akiitika, mgeni hushusha sauti. Asipoitika, mgeni hubisha kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo namba kubwa maana yake ni kwamba ndani kuko kimya, na kwangu kulikuwa kimya kwa muda mrefu: T4, homoni inayotolewa na thairoidi, ilikuwa chini ya kiwango, na kingamwili zinazoilenga thairoidi zilikuwa nyingi mno. Ugonjwa huo hubeba jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa upasuaji wa Japani, ambaye mwaka 1912 alieleza tezi za wanawake wanne zilizokuwa zimevamiwa na seli za kinga.

"Ni mfumo wa kinga," daktari alisema, "umeacha ulinzi ukaanza kubomoa nyumba."

Sentensi hiyo nilikuwa nimeisikia miaka kadhaa kabla, ikihusu ubongo wangu.

## Wiki mbili za tumaini baya

Ningependa kusema nilipokea habari hizo kwa utulivu. Ukweli ni kwamba nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa ya hatari. Mwenzangu mmoja mwenye MS alinitumia ujumbe wa sauti usiku uleule: "Dada yangu, umewahi kufikiri kwamba pengine hukuwa na MS tangu mwanzo?" Niliusikiliza mara tatu. Nikachukua karatasi, nikapiga mstari katikati, nikaandika dalili za tezi iliyolegea upande mmoja na dalili za MS upande wa pili. Uchovu, huku na huku. Udhaifu wa misuli, huku na huku. Ganzi na vidole kuwaka, huku na huku, kwa sababu tezi ikilegea tishu za kifundo cha mkono huvimba zikaibana neva inayokwenda kiganjani. Huzuni, akili kujaa ukungu, choo kigumu, hata kuyumba wakati wa kutembea. Karatasi ilijaa mapacha.

Mtu na ajiweke mahali pangu. Upande mmoja kuna ugonjwa usio na dawa ya kuumaliza, dripu kila baada ya miezi sita, na hofu ya kuamka siku moja mguu usisikie amri. Upande wa pili kuna kidonge kimoja kidogo kila asubuhi. Nani asingechagua kidonge? Dripu yangu iliyofuata ilikuwa imebakiza wiki tano, na nilianza kuandika barua ya kuomba iahirishwe.

Sikuituma. Lakini nilikuwa nimefika aya ya pili.

## Nyundo ya mpira

Kilichonizuia hakikuwa hoja. Ilikuwa nyundo.

Daktari alinikalisha kwenye ukingo wa kitanda, miguu ikining'inia, akatoa ile nyundo yenye kichwa cha mpira ambayo kwa miaka yote hii nimeichukulia kama sehemu ya salamu. Safari hii alinitaka nitazame. Aligonga chini ya goti la kushoto, na mguu uliruka kama ulioguswa na moto. Aliusukuma wayo wa kushoto juu kwa ghafla, na kifundo kikaanza kudunda chenyewe mkononi mwake, mara tano, mara sita. Alipokwaruza unyayo kwa ncha ya ufunguo, kidole gumba kilipanda juu badala ya kujikunja chini, ishara ambayo Joseph Babinski aliieleza mjini Paris mwaka 1896 na ambayo kwa mtu mzima humaanisha kwamba njia ya amri kutoka ubongoni imeharibika mahali fulani.

Kisha akahamia mguu wa kulia, ule ambao MS haijaugusa, na akagonga ule ukano mnene ulio nyuma ya kifundo, juu ya kisigino. Wayo ulishuka kwa kasi ya kawaida. Kurudi ndiko kulikochelewa. Ulirudi polepole, kwa uvivu, kama mlango mzito unaojifunga wenyewe.

"Hiyo ndiyo tezi," alisema. "Zamani, vipimo vya damu vilipokuwa havijafikia hapa vilipo, huo muda wa kurudi ndio uliokuwa ukipimwa."

Mguu mmoja ulikuwa na pupa na mwingine ulikuwa unasuasua, na yote miwili ni yangu.

Akafungua picha zangu za MRI. Makovu meupe yenye umbo la yai, yamejipanga kando ya vyumba vya maji vya ubongo, na moja limekaa ndani ya uti wa mgongo, usawa wa shingo. Akanikumbusha maji ya uti wa mgongo niliyochotwa mwaka ule wa kwanza, na ile mistari ya kingamwili iliyoonekana humo na haikuonekana kwenye damu. Tezi iliyolegea huchosha, huvimbisha na husahaulisha. Haichori makovu ya namna ile.

Nilimwuliza kama wako watu waliowahi kuambiwa wana MS kumbe wana jambo jingine. Alijibu kwa uangalifu, na hiyo ndiyo sababu ninamwamini. Wapo, alisema, hasa pale picha inaposomwa peke yake bila mgonjwa kuguswa. Upo hata ugonjwa adimu wa ubongo unaoambatana na kingamwili za thairoidi, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1966 na Russell Brain na wenzake, wenye kuchanganyikiwa, degedege na vipindi vinavyofanana na kiharusi, ambao mara nyingi husikia steroidi, dawa za kutuliza kinga. Lakini mtego anaouhofia zaidi ni mwingine kabisa. Mtu mwenye Hashimoto ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kinga yake kushambulia pia ukuta wa tumbo. Hilo likitokea vitamini B12 haifyonzwi, na upungufu wake huvua mayelini ya uti wa mgongo, ukaleta ganzi na kuyumba ambako mtu aliyekwisha kuambiwa ana MS hatashangaa nako hata kidogo. Upungufu huo hutibiwa kwa sindano. Ukichelewa kutambuliwa, baadhi ya madhara hayarudi nyuma.

Alinipima B12 siku hiyohiyo. Ilikuwa salama. Ile barua ya dripu niliifuta nikiwa bado kwenye foleni ya maabara.

## Mama na rovu lake

Swali halikuisha, lilibadilika sura. Kama ninayo magonjwa yote mawili, je, moja limeleta jingine?

Nilivyosoma, nimeona kwamba tafiti zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliyataja magonjwa ya thairoidi, pamoja na soriasisi ya ngozi, kuwa miongoni mwa magonjwa ya kinga yanayoonekana zaidi kwa watu wenye MS, takriban watu 6 kati ya 100 kwa upande wa thairoidi. Namba hiyo hupita mikononi mwa wagonjwa kama ushahidi wa udugu. Mimi hainishawishi ikiwa peke yake. MS huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume, na Hashimoto huwaelemea wanawake zaidi ya hapo. Magonjwa mawili yanayopenda watu walewale yatakutana mara kwa mara hata kama hayajuani. Tena mwenye MS huchukuliwa damu kila baada ya miezi michache, na mwenye kuchokoa sana huokota mengi. Ziko tafiti zilizolinganisha wenye MS na wasio nayo zikakuta thairoidi zaidi, na ziko ambazo hazikukuta tofauti ya maana.

Kinachonigusa zaidi ni ukoo. Magonjwa ya kinga hupenda kutembea ndani ya familia, si lazima kwa jina lilelile: mmoja ana thairoidi, mwingine ana kisukari cha utotoni, wa tatu ana madoa meupe ya ngozi. Mama yetu alikuwa na rovu. Alilifunika kwa mtandio, na katika miaka yake yote hakuna aliyemuuliza kwa nini anachoka. Inawezekana lake lilitokana na kukosa madini joto tu. Siwezi kulidai kuwa ndilo babu wa ugonjwa wangu, ingawa usiku fulani nilijaribu.

Halafu kuna upande wa mayelini yenyewe, na hapa mambo yanavutia kweli. Seli zinazotengeneza mayelini huanza zikiwa changa, na homoni ya T3, ambayo mwili huitengeneza kutokana na T4, ni mojawapo ya amri zinazoziambia zikomae. Mtoto anayezaliwa na upungufu mkubwa wa homoni hiyo, asipotibiwa mapema, ubongo wake haupati mayelini ya kutosha, na ndiyo sababu katika nchi nyingi watoto wachanga hutobolewa kisigino kwa tone la damu siku chache baada ya kuzaliwa. Katika wanyama wa maabara walioharibiwa mayelini kwa kemikali, homoni ya thairoidi imeonekana kuharakisha ukarabati. Imekwisha kujaribiwa pia kwa idadi ndogo ya watu wenye MS, kwa lengo la kuona kwanza kama ni salama.

Ukisoma hayo ukiwa na mguu unaokwaruza ardhi, mkono unaenda wenyewe kwenye chupa ya vidonge.

Nimewasikia wenzangu wakisema waziwazi kwamba wanajiongezea dozi. Nakereka, na sifichi. Homoni ya thairoidi ikizidi, moyo huweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake, mifupa hupungua, na wengi wetu mifupa yetu imeshadhoofishwa na steroidi na kukaa sana. Zaidi ya yote, ikizidi huleta joto, jasho na mikono kutetemeka. Mtu anakimbia MS kwa kuwasha moto ndani ya nyumba yake mwenyewe.

## Dawa nazo zina mkono

Kuna mahali ambapo uhusiano wa MS na thairoidi hauna ubishi, nao ni kwenye chupa za dawa zetu. Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza waliripoti kwamba theluthi moja ya wagonjwa wao wa MS waliopewa alemtuzumabu walipata ugonjwa wa Graves, ule ambao kinga huichochea thairoidi ikimbie badala ya kulegea. Dawa hiyo hufagia seli za kinga, na zinaporudi kujipanga upya baadhi hurudi na adui mpya. Hadi leo anayeitumia hupimwa thairoidi kila baada ya miezi 3, na upimaji huendelea kwa miaka 4 tangu dripu ya mwisho. Intaferoni beta, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993 na ikawa mwanzo wa zama za dawa za MS, nayo hugusa thairoidi kwa baadhi ya watu, ndiyo maana hutakiwa kupimwa tezi kabla ya kuianza.

Mimi sijatumia hata moja kati ya hizo. Nilichowahi kufanya ni kosa dogo zaidi: kupimwa TSH siku ya tatu ya dripu za methilipredinisoloni wakati wa shambulio, gramu 1 kila siku. Steroidi kwa wingi huo huishusha TSH kwa muda. Jibu lilikuja zuri, likawekwa kwenye faili kuwa ushahidi kwamba tezi yangu haina neno. Nilipohesabu miezi baadaye, niliona kwamba huenda uchovu ulikuwa umeshaanza wakati ule.

## Vidonge vya nywele

Nilianza levothairoksini, yaani T4 ya kidonge. Masharti yake ni ya mke mwenye wivu: tumbo tupu, maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, na kalsiamu ninayomeza kwa ajili ya mifupa ikae mbali kwa saa 4. Nusu ya T4 iliyoingia mwilini huwa bado imo baada ya siku 7 hivi, kwa hiyo dozi haiwezi kuhukumiwa kabla ya wiki 6 hadi 8. Nikasubiri. Nikiwa nasubiri, nikaona si vibaya nikizisaidia nyusi, nikanunua bayotini.

Hapo kuna ucheshi ambao wenye MS watauelewa. Bayotini, vitamini ambayo mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku, iliwahi kujaribiwa kwa MS inayosonga mbele polepole kwa dozi ya miligramu 300, yaani mara 10,000. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 haukuthibitisha faida. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini nilijiambia kwamba kama wengine wamemeza 300 bila kudhurika, mimi vidonge vyangu vitatu vya miligramu 10 vitanifanya nini, na wakati huohuo labda neva nazo zitapata chochote.

Wiki ya nane majibu yalirudi: TSH 0.1, T4 juu. Kwa karatasi, thairoidi yangu ilikuwa inakimbia mbio. Kwa mwili, nilikuwa bado natafuta sweta. Daktari wa homoni alikuwa ameshashika kalamu kupunguza dozi kwa nusu.

Aliyeniokoa ni mhudumu wa maabara, dada mmoja mpole aliyekuja kuuliza jambo la jalada jingine, akaiona karatasi mezani, akanitazama kichwani kisha usoni.

"Samahani, mama, kuna vidonge vya nywele unavyotumia?"

Vipimo vingi vya homoni hutumia bayotini kama ndoano ndani ya mashine. Damu ikijaa bayotini ya nje, ndoano zinakamatwa kabla hazijafanya kazi, na mashine husoma TSH chini kuliko ilivyo na T4 juu kuliko ilivyo. Mtu anaweza kuonekana ana Graves kwa sababu ya kupenda nywele. Niliacha bayotini kwa wiki moja, nikarudia kipimo. TSH ilikuwa 6.2, na dozi ikapandishwa badala ya kushushwa.

Nilifikiria sana jinsi mambo yangekwenda. Dozi ingepunguzwa, uchovu ungezidi, na tungesema nini? Tungesema ni MS.

## Uchovu huu ni wa nani

Sasa nina daftari lenye safu tatu: MS, tezi, sijui. Daktari alinishauri nisiandike dalili ni ipi tu, niandike pia imekuja vipi, kwa kuwa magonjwa haya mawili huingia nyumbani kwa miguu tofauti. Shambulio la MS hujijenga kwa saa au siku, hukaa zaidi ya saa 24, mara nyingi kwa wiki kadhaa, na hupenda upande mmoja: jicho moja linalouma likigeuzwa, mguu mmoja, mkanda wa ganzi kiunoni. Tezi huja kwa miezi, pande zote mbili, bila kelele, kama maji yanayopungua kwenye mtungi wenye ufa.

Rafiki yangu aliyejifungua mwaka jana alinifundisha kwamba hata hilo lina mpaka. Yeye ana MS, na utafiti wa Ulaya uliofuatilia wanawake 254 na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mashambulio hupungua sana miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na kuongezeka miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Ndani ya mwaka huohuo thairoidi ya baadhi ya waliojifungua huvimba, ikakimbia kwanza kisha ikalegea. Na mtoto halali. Uchovu mmoja, wadai watatu. Kwake ilikuwa thairoidi, na ilipita. Lakini alikuwa ameshafungasha begi la kwenda kulazwa kwa steroidi.

Kwangu, baada ya miezi mitano ya dozi sahihi, vitu fulani vilifunga virago. Sauti ilirudi. Choo kilirudi kwenye utaratibu. Sweta iko kabatini, na kero yangu ya zamani ya joto imerejea, nikaipokea kama ndugu asiyependwa. Wayo wa kulia unarudi haraka ukigongwa. Zile asubuhi za kuamka nimechoka kuliko nilivyolala zimepungua, ingawa hazijaisha.

Vitu vingine havikutikisika. Nikiinamisha shingo, umeme bado unashuka mgongoni hadi mapajani. Kibofu bado hakinipi muda wa kufikiri. Mguu wa kushoto, baada ya kutembea dakika ishirini, bado unakwaruza ardhi, na kidole gumba bado kinapanda juu. Dripu yangu ilikwenda kama ilivyopangwa, na MRI ya mwisho haikuonyesha kovu jipya. Ningekuwa nimeituma ile barua, sijui picha hiyo ingeonekanaje, na sitaki kujua.

Kinachobaki ni uchovu wa alasiri, ule unaoanguka kama pazia saa tisa. TSH ni 2.1, B12 iko sawa, hakuna shambulio. Umo kwenye safu ya tatu tangu mwezi uliopita, na safu hiyo ndiyo iliyojaa kuliko nyingine.

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu alikuja tena, akaniweka dirishani bila hata kuniomba. Unyusi wa kushoto umerudi karibu wote. Wa kulia bado uko nusu. Nilimwambia tezi haichagui upande, kwa hiyo hilo haliwezi kuwa tezi, na MS haina habari na nyusi.

"Basi andika sijui, Shangazi," alisema, akachukua penseli.